VAT au kodi ya makadirio: jinsi ya kupiga hesabu ya duka lako kabla hujaanza kulalamika

Kila mwezi wa sita bajeti ikisomwa mjadala unarudi palepale. Mmoja anasema VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ndo inaua biashara, waifute waweke kodi moja ndogo kila mtu alipe asilimia yake yaishe, hakuna mashine ya risiti hakuna ritani (taarifa ya kodi) hakuna kukimbizana na mhasibu. Mwingine anajibu kwamba hizo hizo kodi rahisi ndo zinamnyonga mwenye faida ndogo. Wote wana hoja, ila ukiwaambia wapige hesabu ya duka lao wenyewe wengi wanaishia kwenye "TRA (mamlaka ya mapato) wanatuonea" na mazungumzo yanahamia kwenye mpira.

Hapa tunapiga hesabu. Namfikiria mtu wa Tanzania Bara mwenye biashara ya jina lake, sio kampuni, duka au fundi au muuza vifaa, ambaye leo yuko kwenye makadirio na anaona mauzo yanapanda. Wa Zanzibar mantiki ni ile ile ila mamlaka yenu ya VAT ni ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar, na kiwango ni asilimia 15, Bara kiwango cha kawaida ni 18.

Kikokotoo cha simu kinatosha. Unahitaji namba tatu: mauzo yako ya mwaka mzima, manunuzi ya mwaka mzima, na kile kinachobaki baada ya pango, mishahara, umeme, usafiri na kila kitu. Hiyo ya pili, manunuzi, igawe mafungu mawili, mzigo ulionunua kwa risiti ya EFD (mashine ya risiti za kielektroniki) yenye VAT upande mmoja na mzigo wa "bila risiti" upande mwingine. Utaona mbele kwa nini hilo fungu la pili ndo linaamua karibu kila kitu. Kama namba hizi huna anza na daftari mwezi huu, maana bila daftari hata afisa akikukadiria vibaya huna cha kumwonyesha.

Kwanza ujue umesimama wapi

Watu wanachanganya kitu kimoja kikubwa. Makadirio ni kodi ya mapato iliyorahisishwa, badala ya kuangalia faida wanaangalia mauzo. VAT sio kodi ya mapato kabisa, ni kodi ya mlaji, we unaikusanya tu kwa niaba ya serikali. Kwa hiyo ukiingia VAT hauachi kulipa kodi ya mapato, unalipa zote mbili. Nimesikia watu wanasema "mi nalipa VAT mapato hainihusu", huyo siku akikaguliwa atalia.

Mpangilio uko hivi. Mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka haulipi kitu. Kuanzia 4 hadi 7 ni laki moja kama hutunzi kumbukumbu, ukitunza ni asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Kuanzia 7 hadi 11 ni laki mbili na nusu bila kumbukumbu, au elfu 90 jumlisha asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7 ukiwa nazo. Halafu kutoka milioni 11 hadi milioni 100 Sheria ya Fedha ya 2022 iliweka asilimia 3.5 ya mauzo, basi, moja kwa moja. Unalipa kwa awamu nne, Machi, Juni, Septemba na Desemba. Makadirio haya ni ya mtu binafsi, kampuni haimo, na wenye taaluma kama wanasheria na wahasibu hawamo pia.

Ukivuka milioni 100 unatoka kwenye makadirio, unaanza kuandaa hesabu na kulipa kwa faida. VAT yenyewe kizingiti chake tangu Julai 2023 ni mauzo ya milioni 200 kwa miezi 12, au milioni 100 ndani ya miezi sita, kabla ya hapo kilikuwa milioni 100. Kwa hiyo kuna eneo la katikati, kati ya 100 na 200, ambapo makadirio umeshatoka na VAT hujaingia, na watu wengi wanaokaa hapo hawajui wako wapi. Watoa huduma za kitaalamu wao wanasajiliwa VAT hata kama mauzo ni madogo.

Halafu yanayohesabiwa kufikia hicho kizingiti ni mauzo ya vitu vinavyotozwa VAT tu. Muuza mahindi ambayo hayajasindikwa anaweza kuuza milioni 300 na VAT isimguse, maana mazao ghafi yamesamehewa. Muuza saruji wa milioni 201 tayari yumo.

Hatua ya kwanza: pima kama makadirio yanakufaa au yanakula mtaji

Hapa ndo sifa ya kodi rahisi inapoanza kuwa na mushkeli. Uzuri wake unajulikana, hauhitaji mhasibu, unajua mapema utalipa ngapi, hakuna mabishano kuhusu gharama gani inakubalika na ipi haikubaliki. Ubaya wake ni kwamba haijui faida, inatazama mauzo tu kama vile kila biashara ina faida sawa.

Chukua mfano wa duka la jumla la sukari na unga wa ngano. Mauzo milioni 90 kwa mwaka, ila bidhaa hizo faida yake ni nyembamba, baada ya kila kitu kinabaki asilimia 5, yaani milioni 4 na nusu. Makadirio ni 3.5 ya milioni 90, sawa na 3,150,000. Umetoa asilimia 70 ya faida. Imebaki 1,350,000 ya mwaka mzima, na hapo mtoto hajaenda shule.

Huyu huyu akitoka kwenye makadirio kwa hiari yake, akaandaa hesabu na kulipa kwa faida kwa viwango vya mtu binafsi, faida ya hadi 3,240,000 kwa mwaka haitozwi, na kinachofuata hadi 6,240,000 kinatozwa asilimia 8. Kwa hiyo milioni 4.5 toa 3,240,000 inabaki 1,260,000, asilimia 8 yake ni 100,800. Laki moja na mia nane dhidi ya milioni tatu na laki moja na nusu! Hata ukimlipa mhasibu laki nane bado umeokoa zaidi ya milioni mbili. Sheria inaruhusu kuchagua kutotumia makadirio, ila lazima uwe na kumbukumbu zinazosimama, na uwajulishe TRA mapema sio siku ya mwisho.

Sasa mgeuze. Fundi cherehani mwenye mauzo ya milioni 40, anashona magauni ya harusi, kitambaa wateja wengi wanaleta wenyewe, faida yake ni nusu, milioni 20. Makadirio kwake ni 1,400,000. Akilipa kwa faida, kwa viwango vya mtu binafsi vinavyopanda kadiri faida inavyopanda, milioni 12 za kwanza zinamletea kodi ya 1,536,000 na milioni 8 zinazobaki asilimia 30, yaani 2,400,000, jumla 3,936,000. Huyu akae kwenye makadirio na asimsikilize mtu yeyote anayemwambia atoke.

Kanuni ya haraka ni kugawa faida halisi kwa mauzo. Ikiwa kinachobaki ni chini ya shilingi 10 kwa kila 100 ya mauzo, kaa na mhasibu mfanye hesabu zote mbili kwenye karatasi moja. Ikiwa ni 30 au zaidi na mauzo yako ni kama milioni 40 au zaidi, tulia ulipo, ila mwenye mauzo madogo kuliko hapo naye apige hesabu zote mbili.

Na sio Tanzania tu, kodi ya mauzo popote ilipo inampenda mwenye faida nono na kumwadhibu wa jumla. Ndo maana nikisikia muuza jumla wa soko la Kariakoo, Dar es Salaam, anapigia debe "kodi moja asilimia ndogo ya mauzo" huwa najiuliza kama kapiga hesabu.

Hatua ya pili: jifunze kutoa VAT kwenye bei

Bei ambayo tayari ina VAT haitolewi asilimia 18, inagawanywa kwa 118 halafu unazidisha kwa 18. Kitu cha 130,000 VAT iliyomo ni 19,831. Ukikosea ukapiga 18 ya 130,000 utapata 23,400, umejiongezea zaidi ya elfu tatu na mia tano kwa kitu kimoja. Watu wanafanya hili kila siku kwenye kupanga bei.

Unachopeleka TRA kila mwezi ni VAT uliyokusanya kwenye mauzo toa VAT uliyolipa kwenye manunuzi. Sasa tuone inavyobadilika kutegemea umenunua wapi. Bidhaa ni moja, unauza 130,000 kwa mteja wa kawaida na soko haliruhusu kupandisha.

Umenunua kwa msambazaji aliyesajiliwa, 118,000, risiti ya EFD unayo na VAT iliyoandikwa ni 18,000. Kama hujasajiliwa faida yako ni 12,000. Ukisajiliwa, unakusanya 19,831 unatoa 18,000 unapeleka 1,831, faida inakuwa 10,169. Imepungua, ila sio msiba.

Bidhaa ile ile umenunua "bila risiti" kwa 110,000, ukajiona mjanja umeokoa elfu nane. Kama hujasajiliwa faida ni 20,000, safi. Siku ukisajiliwa huna cha kutoa, unapeleka 19,831 yote, faida yako ni shilingi 169. Mia moja sitini na tisa! Hii ndo stori ya wengi wanaosema VAT imewaua, ukiwachimba unakuta mzigo wao hauna karatasi.

Fundi samani ana hali yake tofauti. Mbao kanunua 40,000 kwa mtu asiyesajiliwa, jasho lake ndo sehemu kubwa ya bei, anauza kiti 130,000. Faida 90,000, akiingia VAT zinakatika 19,831 na hata angepata risiti ya mbao angepunguza kama 6,000 tu. VAT inatoza kile unachoongeza wewe, na anayeongeza kwa mikono yake anaongeza kingi kwa hiyo analipa nyingi. Kwake yeye jibu sio risiti tu, ni aina ya mteja, twende huko.

Hatua ya tatu: wateja wako ni kina nani

Andika wateja wako wakubwa kumi. Weka alama kwa walio na namba ya VAT, makampuni, viwanda, hoteli kubwa, makandarasi.

Kwa hao VAT yako sio gharama. Ukimuuzia hoteli kiti kwa 110,169 jumlisha VAT inafika 130,000, yeye ile 19,831 anaitoa kwenye ritani yake, kwa hiyo kiti kimemgharimu 110,169. Fundi wa jirani ambaye hajasajiliwa akimuuzia kwa 125,000 anaonekana rahisi kwa macho ila kwa hoteli ni ghali karibu elfu kumi na tano. Ndo maana kampuni nyingi zinakuuliza namba ya VAT kabla hata ya bei. Na kwa wateja hawa una nafasi ya kusema 130,000 "bila VAT" ukaongeza 23,400 juu, huyo hatapiga kelele.

Mteja wa mtaani, mama anayenunua sufuria, hana pa kuitoa. Kwake bei ni bei. Hapo ndo linakuja lile swali linalojulikana nchi nzima: "unataka na risiti au bila risiti?" Bei mbili kwa bidhaa moja. VAT inasifiwa kwamba inajilinda yenyewe, kwamba mnunuzi anadai risiti kwa sababu ana faida nayo, na ni kweli, mpaka unapofika kwa mlaji wa mwisho ambaye risiti kwake haina kazi zaidi ya kumpandishia bei. Mnyororo unakatika hapo, na mashine za EFD zilizoletwa mwaka 2010 ni jaribio la kuushika huo mwisho unaoteleza. Uganda nao wana EFRIS, mfumo wao wa risiti za kielektroniki, na Aprili 2024 wafanyabiashara wa Kampala walifunga maduka kwa sababu hiyo, kwa hiyo sio sisi tu.

Kwa ufupi wa hatua hii, ukiwa na wateja wenye VAT nusu au zaidi na wasambazaji wako wanatoa risiti, kusajiliwa kunaweza kukufungulia milango, mikataba, tenda. Ukiwa na wateja wa mtaani watupu na mzigo usio na karatasi, kila mwezi itakuuma, na anza kubadilisha wasambazaji leo sio siku barua ya TRA inapofika.

Hatua ya nne: pesa itatoka lini

Hii wengi hawaifikirii. Ritani ya VAT na malipo yake ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata. VAT inahesabika unapotoa ankara au unapolipwa au unapotoa mzigo, kile kinachotangulia. Haijalishi kama mteja kalipa.

Umepeleka mzigo kwenye taasisi Machi 10, ankara milioni 59, ndani yake VAT ni milioni 9. Mzigo ulinunua milioni 40 jumlisha VAT 7,200,000, ulishamlipa msambazaji. Aprili 20 unatakiwa upeleke 1,800,000. Taasisi inakuja kukulipa Agosti, kama Mungu akipenda. Kwa miezi mitano pesa yako imelala huko na umeshalipa kodi ya pesa ambayo hujaiona. Kodi ya makadirio nayo inaweza kukukuta huna pesa ila angalau ni mara nne kwa mwaka na unaijua kiasi tangu Januari.

Kwa hiyo ukiwa unauza kwa mkopo, fanya hivi: usitoe ankara ya kodi kabla ya mzigo kupokelewa na kusainiwa, usikubali mkopo unaovuka siku 30 bila kuweka gharama yake kwenye bei, na VAT uliyokusanya iweke akaunti tofauti, hata laini tofauti ya simu, usiichanganye na mtaji. Ile pesa sio yako. Duka likiwa na milioni 6 kwenye droo na milioni 2 ni ya VAT, ujue una milioni 4.

Kuna upande mwingine pia. Ukiwa muuzaji wa nje ya nchi unatozwa asilimia sifuri na unadai VAT yote ya manunuzi irudi, hiyo kwenye karatasi ni raha tupu, ila marejesho yana uhakiki na subira, usipange mtaji wa mwezi ujao kwa kutegemea marejesho.

Kwa nini basi nchi haziweki kodi rahisi moja

Swali zuri, na utalisikia zaidi Kariakoo. Mei 2023 maduka yalifungwa pale hadi Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaenda kuwasikiliza wafanyabiashara, na Juni 2024 yakafungwa tena. Hoja moja inayosikika sana ni kwamba kodi yote ikusanywe bandarini, mzigo ukitoka pale usiguswe tena. Naielewa, maana inaondoa maafisa barabarani na usumbufu wa stoo, mtu mwenye risiti ya bandari anauza kwa amani.

Ila ifikirie mara mbili. Mwagizaji akishusha thamani ya kontena bandarini chini ya mfumo wa VAT, ujanja wake hauishii vizuri, kwa sababu alilipa VAT ndogo pale na kwa hiyo anayo ndogo ya kutoa, akiuza kwa bei halisi tofauti inamrudia. Chini ya mfumo wa bandarini pekee, aliyedanganya pale kashinda moja kwa moja, na mwaminifu wa duka la jirani anashindana na mzigo usiolipiwa. Halafu huduma hazipiti bandarini, wala kiwanda cha Mbagala, kwa hiyo kiwango cha bandarini itabidi kiwe kikubwa kufidia.

Na ile ya "asilimia ndogo kila mkono" ina tatizo la kujirudia. Weka asilimia 3 tu kwa kila anayeuza, bidhaa ya 100,000 ipite mikono minne, hata kama hakuna aliyeweka faida inafika 112,551. Ikipita mikono saba inazidi 122,000. Kampuni kubwa inayoagiza, inayosambaza na inayouza rejareja yenyewe inalipa mara moja, mnyororo wa wadogo wanalipa kila mmoja. Kodi hiyo hiyo inayoitwa ya wanyonge inamtengenezea mkubwa njia. VAT haijali idadi ya mikono, mwishoni ni asilimia 18 ya bei ya mwisho kabla ya VAT.

Sisi wenyewe tulikuwa na kodi ya mauzo hadi VAT ilipoanza Julai 1998 kwa asilimia 20, ikashuka hadi 18 mwaka 2009. Na kodi rahisi kuliko zote tuliwahi kuwa nayo, kodi ya kichwa, kiwango kimoja kwa mtu mzima, wazee watakusimulia watu walivyokuwa wanalala porini wakisikia wakusanyaji wanakuja. Ilifutwa 2003. Ilikuwa rahisi kweli kweli kuielewa.

Waliojaribu kurudi nyuma wapo. Malaysia walianzisha kodi ya mtindo wa VAT Aprili 2015 kwa asilimia 6, wananchi wakakasirikia kupanda kwa maisha, serikali ikabadilika 2018, ikashushwa hadi sifuri Juni na kufikia Septemba mwaka huo wakarudisha kodi yao ya zamani ya mauzo na huduma. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba haiwezekani. Ghana nao waliileta Machi 1995 kwa 17.5, watu wakaandamana Accra mwezi wa tano na wapo waliouawa, serikali ikaiondoa, halafu 1998 ikarudi kwa asilimia 10. Ukiangalia hizi mbili pamoja, kilichowachoma watu zaidi ni kiwango na namna ilivyoletwa kuliko utaratibu wenyewe wa VAT.

Kitu kingine kinachodhaniwa ni rahisi ni misamaha. "Waondoe VAT kwenye kitu fulani bei itashuka." Mwaka 2018 serikali iliondoa VAT kwenye taulo za kike, mwaka uliofuata ikairudisha, sababu iliyotolewa ni kwamba bei haikushuka kwa mlaji. Sehemu ya maelezo iko kwenye hesabu tuliyofanya juu: bidhaa ikisamehewa muuzaji hatozi VAT ila pia hawezi kutoa VAT aliyolipa kwenye malighafi, umeme na vifungashio, kwa hiyo inabaki imefichwa ndani ya bei. Kiwango cha sifuri ni tofauti kabisa, huyo anatoza sifuri na anarudishiwa. Ukisikia bungeni "msamaha" na "asilimia sifuri" usizichukulie kuwa kitu kimoja, na kama unauza bidhaa zilizosamehewa ujue VAT ya manunuzi yake ni gharama yako, iingize kwenye bei.

Ukikaribia milioni 200 fanya haya

Fuatilia mauzo ya miezi 12 inayotembea, sio ya Januari hadi Desemba. Kila mwisho wa mwezi jumlisha miezi 12 iliyopita. Angalia pia miezi sita, maana msimu mmoja mzuri wa ujenzi unaweza kukuvusha milioni 100 ya nusu mwaka hujajua. Ukivuka una siku 30 za kuomba usajili. Ukichelewa hawaanzi kuhesabu siku ulipojisikia kwenda, wanarudi nyuma tangu ulipotakiwa, na VAT ya kipindi hicho hukumtoza mteja, utaitoa kwenye mtaji wako.

Usigawanye duka. Najua ushauri unaotembea, fungua TIN (namba ya mlipakodi) ya mke, ya shemeji, kila moja ibaki chini ya kizingiti. Fremu moja, mzigo mmoja, stoo moja, afisa akija anaziona ni biashara moja na hapo unadaiwa nyuma na adhabu juu. Kama kweli ni biashara mbili ziwe mbili kweli, mtaji mbali, vitabu mbali, akaunti mbali.

Siku ya usajili hesabu mzigo wote uliopo stoo na risiti zake za VAT ziweke faili moja, hilo ndo jambo la kwanza kabisa la kuongea na mhasibu. Badilisha bei zote kwa ile hesabu ya 118, usiache zile za zamani ukidhani utaona mbele ya safari. Risiti ya manunuzi iwe na TIN na namba yako ya VAT, risiti isiyo na jina lako ni karatasi tu hata kama ni ya EFD. Zile za EFD huwa zinafutika wino, zipige picha siku hiyo hiyo. Ripoti ya Z ya mashine, ile ya jumla ya mauzo ya siku, itoke kila siku.

Wasambazaji wasiotoa risiti, waambie wazi kwamba bei yao ya 110,000 kwako sasa ni mbaya kuliko 118,000 ya mwenye risiti. Wengine watabadilika, wengine watakucheka, hao waache.

Na namba zote nilizoandika hapa za viwango na vizingiti, zikague upya kila Julai, Sheria ya Fedha inapitishwa kila mwaka na huwa haiachi vitu kama vilivyokuwa. Ingia tovuti ya TRA au nenda dawati la huduma la wilaya, usitegemee picha iliyosambazwa kwenye grupu la WhatsApp mwaka juzi.

Biashara ikishuka ukarudi chini ya kizingiti unaweza kuomba kufutwa kwenye VAT, ila kuacha kuuza sio kufutwa. Mpaka upate barua ya kufutiwa usajili, endelea kupeleka ritani kila tarehe 20 hata ikiwa ni sifuri, mwezi huo hujauza hata msumari. Watu wamefunga duka, wamehamia mkoa mwingine, baada ya miaka miwili wanaenda kufungua biashara mpya kwa TIN ile ile wanakuta adhabu ya kila mwezi ambao hawakupeleka ritani imejipanga inawasubiri, na leseni haitoki mpaka zilipwe.